Koki ya Fundi Daimu

KITUO CHA POLISI SONGEA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Odilia Mbano. Umri: miaka 24. Kabila: Mngoni. Dini: Mkatoliki. Kazi: mwalimu wa sekondari. Makazi: Majengo, Songea. Tarehe: 21 Oktoba 1993.

Sikuitwa kituoni, nimekuja mwenyewe. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa. Nazungumzia kifo cha kaka yangu, Erasmus Mbano, aliyekuwa bwana shamba. Kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili ya kifo hicho, naye hakukisababisha.

Mtu huyo ni Daimu, fundi pikipiki hapa Majengo, mwenyeji wa Nakapanya huko Tunduru. Kaka aliuziwa pikipiki na mradi wa kahawa mradi ulipofungwa. Nati ya chini ya injini, ile ya kumwagia oili, ilikuwa imeliwa mistari kwa kufunguliwa ovyo. Mwezi Agosti mwaka huu tuliipeleka kwa Daimu. Aliitoa nati, akafunga koki ndogo ya shaba yenye springi. Unaisukuma ndani, unaizungusha, oili inatoka. Ukiiachia, springi inairudisha na kuifunga. Hakuna spana wala kulala chini ya pikipiki. Nilikuwepo alipomwonyesha kaka. Alimwambia, "Bwana shamba, hili si bomba la maji. Siku ya kumwaga, mwaga yote, ujaze mpya. Siku nyingine usiliguse." Kaka alicheka, akasema fundi ana wivu na koki yake.

Kaka hakuweza kutoligusa. Kijijini kwetu, barabara ya Namtumbo, oili chafu inatafutwa sana. Watu wanapaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa, wanapaka nguruwe wenye ukurutu. Zamani kaka akiombwa alisema hana spana, na lilikuwa jibu la kweli. Baada ya koki kufungwa, jibu hilo likaisha. Aliyeomba alileta kopo, kaka akainama, akasukuma, na kopo likapata. Watu walimtania: "Bwana shamba, tukamulie! Ng'ombe wako wa Kijapani ana maziwa meusi!" Yeye alijibu kwamba ng'ombe wake hali pumba. Siku hizi oili iko madukani, haihitaji kibali kama zamani, kwa hiyo alikuwa akiongeza akirudi mjini. Sikuwahi kumwona akirudi akiwa amemnyima mtu.

Mnamo tarehe 16 Oktoba, siku ya Jumamosi, kaka alinipakia tukaenda kumsalimia mama yetu, Kunegunda. Njiani tulisimama kwa Adela, mmoja wa wakulima wa kahawa aliokuwa akiwahudumia, ambaye alitoka na nguruwe wake akimburuta kwa kamba ili tuione ngozi yake yenye ukurutu. Alipewa. Mbele kidogo mzee mmoja alitusimamisha, naye alipewa. Tulifika kwa mama mchana, tukala. Wakati wa kuaga, mama alitoka jikoni na kopo la mafuta ya kupikia.

Aliyosema mama nayakumbuka yote. Alisema, "Mwanangu, wa nje wote umewakamulia. Nyumba ya mama yako inaliwa."

Kaka alisema, "Mama, iliyobaki ni ya injini. Jumamosi ijayo nitakuletea dumu zima."

Mama alisema, "Nguzo ya mlangoni tu. Jumamosi ijayo itakuwa imeniangukia."

Kaka alinitazama kana kwamba anataka nimsaidie kucheka. Akainama, akasukuma koki. Mama alishika kopo mwenyewe. Oili ilitoka nyembamba, halafu ikawa matone. Kaka alisema, "Mjini ni karibu." Mama alimshukuru, akambariki kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kama afanyavyo kila tukiondoka.

Tulipokaribia mjini nilisikia miguu inaungua kwa joto la injini. Kulikuwa na mlio wa kugonga. Nilimwambia, "Kaka, inanuka." Akasema, "Breki hiyo, Odi. Shikilia." Kwenye mteremko wa mwisho injini iliganda ghafla na tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Pikipiki ililala. Mimi niliangukia majanini, nikavunjika mkono wa kulia. Kaka alitupwa kwenye mawe ya mtaro. Alifariki hospitali jioni ile.

Kabla watu hawajafika nilitambaa hadi kwenye pikipiki. Koki ilikuwa imefungwa na springi yake nzima. Barabarani hapakuwa na hata tone la oili. Naomba polisi waiangalie, pikipiki iko hapa uani.

Msibani baba yangu mdogo, Pankrasi, aliwaambia watu kuwa koki ya yule mtu wa Tunduru ilifunguka njiani. Vijana walimfuata fundi, wakampiga, wakamleta hapa. Mama alikaa mlangoni, akimweleza kila aliyekuja kumpa pole kwamba koki imemuua mwanawe. Nguzo iliyo pembeni yake ilikuwa nyeusi, bado mbichi, na wanawake walikuwa wanaonyana wasiiegemee wakachafua kanga. Hakuna aliyeuliza imepakwa lini.

Jana nilimwambia baba mdogo niliyoyaona. Alisema, "Wewe mwalimu, fikiri. Fundi atafungwa, atatoka. Mama yako akijua, atatoka wapi?" Lakini namfahamu Daimu, nilimsikia akionya, na siwezi kumwona akipelekwa mahakamani kwa kitu alichokitengeneza vizuri.

Mama hakujua. Kwake injini ni kama mtungi, kilichobaki kidogo bado kinatosha. Kaka ndiye aliyejua, na alishindwa kumnyima.

Hivyo ndivyo nilivyoona na kusikia, sina la kuongeza. Nimesomewa, nimekubali kuwa ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: O. Mbano (kwa mkono wa kushoto, wa kulia una plasta)

Maelezo ya mwandikaji: Nimeyaandika mimi, Koplo Remmy, kuanzia saa 4:10 hadi saa 5:25 asubuhi. Shahidi aliomba maelezo haya yasisomwe mbele ya mama wa marehemu. Nimemweleza kuwa kesi ikifika mahakamani yatasomwa. Aliomba pia aruhusiwe kumpeleka mama yake nyumbani kwanza. Sikuruhusu. Mama wa marehemu, ambaye amekuwa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, ameitwa ndani kuandikisha maelezo yake.