Jile juu ya nguo ya kilio

Kanyere, unakumbuka vile jirani Mama Epiphanie aliniuliza mbele tuende safari ya Muanda: "Mujane anayevaa kilio anaenda kutafuta nini mu mayi?" Nilicheka tu. Leo ile swali imeniingilia mu nyumba.

Shemeji Philippe amekuja asubui hii. Hakuikala. Akafungua telefone, akanionyesha foto yetu ya Muanda, sisi mamas wa parokia ndani ya bato, katikati ya ile miti yenye mizizi mu mayi.

"Familia haijakutoa mu kilio ya bwana yako Jacques, na wewe umevaa rangi! Basi shamba yake inarudia familia."

Rangi, Kanyere! RANGI!

Nikamwambia: "Shemeji, ile iko jile ya kuokoa muntu akianguka mu mayi. Mulinzi wa pori alikatala bato itoke mbele kila mama avae. Nguo yangu nyeusi iko chini yake, angalia mikono."

Hakuangalia. "Rangi iko rangi. Utoke mu shamba."

Mungu iko shahidi, sikupandisha sauti. Nikasimama.

"Shemeji, Jacques alizama mu muto ya Lowa ndani ya pirogi yako. Mayi ilikuwa imejaa, na haukumupa jile. Ungelimupa moja tu, leo singevaa kilio. Shamba yake nitalima, na kesho nitaamukia kule."

Kanyere, unajua kinywa ya Philippe! Aliangalia foto tena. Akaweka telefone mu mufuko, akachukua kofia, akatoka.