Kwa Nini Layeh Hakufanya Mtihani

Mahachai,
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Mi Rot Chan,

Pokea salamu zangu. Mgongo wako vipi? Na mama, kikohozi kimemwachia? Sisi ni wazima, ila vidole vinatuwasha kwa kumenya kamba wa baharini kiwandani, kama kawaida.

Nakuandikia habari za mwanao Layeh, ingawa amenisihi nisikuambie.

Lile darasa la bure la jioni, juu ya duka la tambi, shirika lililokuwa likiliendesha lililifunga Novemba. Mwalimu Duangporn, aliyekuwa akiwasaidia watoto wetu Kithai na hesabu wakitoka shule, alikuja mwenyewe kutuambia masomo sasa ni ya simu tu.

Nikamwambia, “Mwalimu, simu yetu ni moja, na ninashinda nayo kazini. Mtoto asomee kijiko?”

“Dada, niliwaambia hayo hayo,” akajibu. “Wakasema kwa simu watafikia watoto wengi zaidi.”

Nikawa namwachia Layeh simu. Siku moja msimamizi akabadilisha zamu, akanipigia, sikupatikana. Nikasimamishwa wiki nzima. Layeh akanirudishia simu.

Machi, siku ya mtihani wa kuingia sekondari, alivaa sare, akaniaga vizuri. Mchana Mwalimu Duangporn akaja anahema: “Layeh hakutokea!” Nilimkuta kwenye banda la kumenyea kamba la jirani yetu Ma Khaing, mikono ya sare ameikunja, wanawake wanamtania, “Karibu, profesa!”

Nikafoka, “Wewe! Ndicho ulicholetewa huku?”

“Mama mkubwa, nikifaulu, huko mbele nani atanielekeza? Wewe?”

Mimi hata jina langu kwa Kithai siwezi kuliandika.

Wiki iliyopita wageni wa shirika walikuja na kamera, wakitafuta mtoto anayeongea Kithai safi. Wakampata Layeh. Wakamshikisha kompyuta yao, wakamwambia atabasamu. Akatabasamu. Kisha wakaichukua, wakamsifu, wakaondoka. Mwanao akanawa mikono, akarudi bandani.

Usimgombeze. Ukitaka kugombeza, nigombeze mimi niliyekuahidi atasoma. Naona haya hata kukuomba radhi.

Nisalimie mama, shemeji Nai Ong na wote wa nyumbani Mudon. Budha awaepushe na mabaya.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mi Sajin

Layeh amesoma barua hii kabla sijaifunga. Amesahihisha tahajia sehemu mbili.