Mvua Masikioni mwa Stoyko

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Troyan

Jina: Zlatina Boneva
Umri: Miaka 69
Kazi: Mshonaji, mstaafu
Makazi: Kijiji cha Gorna Liva

Mimi ni mke wa Stoyko Bonev. Aliyeleta malalamiko dhidi ya Daktari Ralitsa Mincheva ni mwanangu, Plamen. Sikuja kumshtaki mwanangu. Nimekuja kusema nilichokiona.

Mume wangu alikuwa seremala. Tangu majira ya baridi kumbukumbu zilianza kumtoroka. Usingizi nao ukamkimbia, akawa anazunguka nyumba akipapasa milango. Mimi alikuwa akiniita Yana. Yana ni dada yake, marehemu. Nilikuwa naitika.

Mwezi Juni daktari alitupatia kanda ya kuvaa kichwani, kwa majaribio. Alinieleza kuwa kanda hiyo husikiliza ubongo. Mtu akizama kwenye usingizi mzito, humpigia sauti fupi fupi, laini, kama mvua inayonyesha bonde la pili, ili azidi kuzama. Akianza kuamka, inanyamaza yenyewe. Hakutuahidi kupona. Alisema, "Mama, tunajaribu tu. Usingizi mzito huusaidia ubongo kutunza kumbukumbu."

Stoyko akaanza kulala. Nilikuwa nakaa kando yake nikitazama kifua kikipanda na kushuka, uso umelegea kama wa kijana. Nilijiona kama nimeketi ukingoni mwa maji yaliyotulia. Sikutamani kuinuka.

Jirani yangu Gana alinitania, "Mumeo siku hizi analala kama bwana harusi aliyelewa!" Nikamwambia, "Bora wangu. Wako anakoroma mpaka mbwa wanahama."

Mnamo tarehe 14 Septemba, baada ya chakula cha mchana, Stoyko alilala na kanda yake. Mimi na Gana tulikuwa uani tunachoma pilipili hoho za kuweka akiba. Kwenye saa tisa upepo uligeuka. Cheche zikaruka, zikashika maranda ya mbao kwenye banda lililopakana na chumba alicholala. Moshi ukaingia dirishani. Gana alikimbilia maji. Wakati huo Plamen alikuwa anashuka kwenye gari langoni. Alipiga kelele, "Baba hatasikia! Hilo dude limemziba masikio!"

Mimi nilitangulia kuingia. Chumba chote kilikuwa cheupe kwa moshi, kitanda sikukiona. Nilimwita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Stoyko."

Aliketi. Kanda ilikuwa bado kichwani. Akasema, "Zlatina, pilipili zinaungua."

Alinishika mkono, tukatoka. Tulisimama pekupeku kwenye majani. Akaniambia ameota yuko juu ya paa analoliezeka, mvua inanyesha, na kila tone analijua litaangukia ubao gani. Alikuwa anatabasamu. Nyuma yetu Plamen na Gana walikuwa wanamwagia banda maji.

Moto ulipozimika Plamen alimvua baba yake kanda kwa nguvu. "Angekufa, mama!"

"Hakufa, mwanangu."

"Wamekupumbaza, na wewe umekubali."

Alikuwa analia. Hofu yake naielewa. Lakini si kweli kwamba baba yake hakusikia.

Kesho yake asubuhi Stoyko aliniita Yana. Hilo nalo nalisema, maana nimetakiwa kusema kweli. Tangu kanda ichukuliwe na polisi hajalala usiku hata mmoja. Naomba irudishwe.

Niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe ni hayo. Nimesomewa, nami nimeyakubali.

Sahihi: Z. Boneva

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Velin Gaydarov. Shahidi aliomba sahihisho moja: popote nilipoandika "mgonjwa" niandike "mume wangu". Nimefanya hivyo. Mlalamikaji alikuwa akimsubiri mama yake kwenye benchi nje. Alikuwa amenisikia nikimsomea mama yake maelezo, akaniuliza kama ni kweli siku ya moto baba yake alimwita mama Zlatina. Nilimjibu amwulize mama yake mwenyewe. Waliketi pale benchini muda mrefu, hawakuondoka mpaka tulipofunga ofisi.