Kamera Haijui Kwamba Tuko Kamina

Kamina, Jumamosi, msimu wa mvua, 1999

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: sikumbuki tena uso wa yaya Kasongo.

Yaya ni kaka yangu mkubwa. Alipanda treni kwenda kazini Kabalo kabla vita havijakata njia ya reli, na hadi leo hatuna habari zake. Sauti yake ninayo. Namna anavyopiga chafya ninayo. Nikifumba macho kuutafuta uso, nakuta shingo na kola ya shati, basi. Sielewi umekwenda wapi.

Picha yake ipo. Mama ameifunga katika kitambaa chini ya nguo zake, kwa sababu kwetu picha ya mtu mmoja mezani ni ya matanga, na hataki mgeni aingie akadhani tuko kwenye kilio. Kwa hiyo siombi kuiona.

Leo mvua imenyesha tangu asubuhi. Nilikuwa ofisi ya kanisa na Papa Mwamba, karani. Aliniita kwa sababu nasoma Kiingereza shuleni, na kitabu cha kamera ni cha Kiingereza. Kamera hiyo haitumii filamu. Wageni kutoka Amerika waliiacha walipokimbia vita, lakini waya wa kuiunganisha na kompyuta haupo. Tunao ule wa njano tu, wa kutazamia picha kwenye televisheni. Bahati nzuri, ndani ya kompyuta kuna kadi ya kunasa picha za televisheni. Unachomeka waya nyuma, picha inatokea kwenye skrini, unaigandisha, unaihifadhi. Kitabu kinaeleza kana kwamba ni kuchemsha maji.

Tulimpiga picha Nsenga. Ni msichana wa kama miaka mitano. Alifika na watu waliotembea kutoka kaskazini, na anachojua ni kwamba baba yake anafanya kazi ya reli Lubumbashi. Treni ya huko ilikuwa inaondoka jioni. Chef de train, mkuu wa treni, alikubali kubeba disketi hadi kanisa la kule, wachape picha na kuibandika mlangoni. Treni nyingine itakuja lini, hakuna anayejua.

Picha ikatokea imekatwakatwa. Kidevu juu, macho chini, nyeusi na nyeupe, yote yakipanda bila kusimama. Nsenga alijiona, akajishika mashavu.

"Miye niko namna hii?"

"Hapana, mama. Mashini njo iko na homa," Papa Mwamba akamjibu.

Nilichomoa, nikachomeka. Nilisoma ukurasa uleule mpaka maneno yakakosa maana. Katika programu kuna mahali pa kuchagua nchi ya televisheni, na Papa Mwamba alikuwa ameweka Zaïre. Nikamwambia nchi haina tena jina hilo, labda ndiyo sababu. Tukaweka Congo, ambayo nadhani ni ile nchi nyingine ya ng'ambo ya mto. Picha ikabaki vilevile.

"Rudisha Zaïre," akasema. "Jina njo ilibadilika, televisheni yetu iko ile ile. Ao weye unaishi fasi ingine?"

Nikairudisha.

Nikawa naitazama kamera tu. Chini yake kuna kibandiko cha duka la Amerika. Nikajiuliza: hii itajuaje kwamba iko Kamina? Labda inatuma picha kama kwao, na sisi tunaisubiri kama kwetu. Sikuwa na uhakika. Sina uhakika hata sasa.

"Papa, tuweke nchi ya kamera."

"Kamera iko na nchi?"

"Sijui."

Nikaweka États-Unis, yaani Amerika.

Uso ukatulia.

Nsenga mzima, na kovu lake dogo juu ya jicho, na rangi ya gauni lake. Papa Mwamba akacheka. "Kumbe tulikuwa tunalazimisha mugeni kusema Kiluba."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilishikwa na hasira nisiyoielewa. Mtoto niliyemjua wiki hii, uso wake upo, wa yaya haupo. Nikiomba ile picha, nitakuwa nimekubali kwamba amekufa? Na nisipoiomba, ninafanya nini?

Nilimwomba Papa Mwamba asizime jenereta, nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya kupika sombe. Nikamwambia nataka picha ya yaya, si ya kuweka mezani, ni ya kwenda Lubumbashi. Labda alipitia Zambia akafika huko. Labda kuna mtu aliyemwona. Alinawa mikono, akaingia ndani, akarudi na kitambaa.

"Usiipatishe maji," akasema.

Niliibeba ndani ya kitabu cha jiografia. Ofisini nikaishikilia dirishani penye mwanga, Papa Mwamba akaipiga, nami nikaigandisha kwenye skrini. Masikio yake ni kama yangu. Nilikuwa nimelisahau hilo pia.

Nikamhifadhi kwenye disketi pamoja na Nsenga, nikaifunga kwa nailoni, nikaenda stesheni na kuiweka mkononi mwa chef de train. Njiani kurudi mvua ilikuwa imekatika. Nilisimama mara nyingi kufungua kitabu na kuitazama picha. Kisha nikamrudishia mama.