Vidole Visivyosikia

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na magoti ya mama yametulia kidogo. Ukiniuliza mimi, mwili unatembea. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu, maana kwa simu ningekudanganya tena.

Unakumbuka nilivyokueleza ile mashine tuliyofundishiwa kuchoma sindano ya ganzi ya mgongo. Unavaa miwani mizito, unaona mgongo wa mgonjwa kama yupo kweli, na mkononi una kishikio kilichofungwa kwenye chuma. Ukisukuma, chuma nacho kinakusukuma: ngozi, kisha nyama, kisha ukano mgumu, halafu ghafla ugumu unaisha. Hapo unasimama. Ukipitiliza, umemuumiza mtu. Mwalimu wetu, daktari wa usingizi asiyejua kusifu, alisema mbele ya darasa kwamba mkono wangu una macho. Nilikupigia siku hiyohiyo, ukapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Wiki iliyopita nikapewa mgonjwa wangu wa kwanza, fundi viatu aliyevunjika mguu wa kushoto. Alipoinama akanitania kwamba yeye pia anaishi kwa sindano, hivyo nisije nikamwaibisha mbele ya manesi. Nikasukuma. Nikangoja ugumu, sikuupata; nikangoja uishe, sikujua kama umeisha. Akapiga ukelele kwamba moto umemshuka mguu mzima wa kulia. Mwalimu akanidaka mkono, akaichomoa sindano. Baadaye alinifariji kwamba ni woga wa siku ya kwanza. Nikaitikia kwa kichwa.

Leo siku ya nane, wayo wa mguu uliokuwa mzima hauinuki. Hana hata mmoja wa kusimamia. Kila nilipopita wodini aliniuliza mguu utarudi lini, nami nikamjibu kesho kutwa. Kesho kutwa gani, dada?

Sasa nisikilize. Vidole vyangu havisikii. Tangu nilipomeza zile dawa za kifua kikuu, ncha zote zimekufa ganzi. Mchoma ganzi mwenyewe ana ganzi, ungekuwa mzaha kama kusingekuwa na mtu kitandani. Ile mashine ina mahali pa kuongeza nguvu ya msukumo. Kila zamu yangu ilipofika niliipandisha hadi mwisho, nikawa nasikia kwa kiwiko na bega. Mgongo wa binadamu hauna pa kuongezea. Uliponiuliza kama mikono imepona, nilisema imepona kabisa. Uliacha chuo ili mimi nisome. Ningeanzia wapi kukuambia?

Leo asubuhi nilimweleza fundi yote. Hakunitukana. Aligeukia ukuta, kisha akaniomba nimwite mkewe aliyekuwa kwenye benchi nje, nirudie maneno yaleyale, kwa kuwa yeye hawezi kuyatamka. Nikarudia. Mkewe aliuliza swali moja tu, kama nilijua kabla ya kuchoma. Nikasema nilijua. Kisha nikaenda kwa mwalimu, na jina langu likafutwa kwenye orodha ya zamu mbele ya macho yangu.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Ila njoo, dada, hata kwa siku moja. Fundi bado yuko wodini, na mimi bado napita mlangoni kwake, siingii wala siondoki.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi,
mdogo wako