Viraka Sitini na Vinne kutoka Brandvold

Jumatatu, 8 Juni 2009

Brandvold wametuletea msimbo. Naandika tena ili niamini. Brandvold! Kampuni ambayo haijawahi kumwonyesha mtu wa nje hata mstari mmoja wa programu zake, leo imetutumia mistari elfu kumi na minane, bure, kwa leseni yetu huria — mtu yeyote auchukue, aubadilishe, augawe. Na imetutumia sisi, Otter, kikundi cha watu wa kujitolea ambao kazi yetu yote ni kuziwezesha kompyuta huria kusoma mafaili yaliyofungiwa kwenye mashine za Brandvold.

Barua iliingia saa tatu asubuhi, niko kazini maktaba. Kufika saa nne mwenzangu Vern kanipigia simu mara tatu. Kwenye orodha yetu ya barua pepe, yenye watu elfu tatu, hakukaliki. Mmoja wa Wellington anasema tutafute sumu kwanza. Mfini mmoja kauliza kama Aprili mosi imehamishwa.

Lililotuchekesha zaidi — wameleta yote kwa mkupuo, faili moja la zipu! Kwetu kila badiliko hutumwa kama kiraka kidogo ndani ya barua yenyewe, ili watu wakichambue hadharani mstari kwa mstari. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo. Nikawajibu kama ninavyomjibu mgeni yeyote: asanteni, karibuni, kateni vipande, tumeni upya.

Clete, mume wangu, ambaye kompyuta kwake ni kitu cha kuwekea kikombe, aliuliza: "Si ndio wale adui zako?" Nikasema ndio. Akaendelea kutoa stroberi vikonyo.

Jumanne, 9 Juni

Vern hataki. Simu ya dakika hamsini.

Namwelewa. Tulianza Otter pamoja miaka kumi na moja iliyopita, yeye akiwa bado fundi wa shirika la umeme. Brandvold walikataa kusema mashine zao zinaongeaje. Basi Vern akaweka kompyuta mbili kwenye gereji yake, akaunganisha waya, akakaa majira ya baridi mazima akisikiliza zinavyosemezana na kukisia maana. Sehemu ile ya programu yetu ya Otter inayopiga hodi kwenye mashine za Brandvold ni yake tangu mstari wa kwanza. Mkubwa wao mmoja aliwahi kutuita wezi gazetini. Vern alikata kile kipande cha gazeti akakibandika ukutani.

Leo amesema, taratibu kabisa: "Mkuu, wakiingia hao, mimi natoka."

Huniita Mkuu kwa utani, kwa sababu mimi ndiye mtunzaji wa Otter na neno la mwisho ni langu. Leo hakukuwa na utani. Toleo jipya linafungwa Jumapili ya tarehe 21, saa kumi na mbili jioni. Na kwa desturi yetu, kiraka kinachogusa sehemu ya mtu hakiingii mpaka mwenyewe aweke jina lake kwamba amekisoma. Naweza kumruka. Sijawahi kumruka mtu.

Alhamisi, 11 Juni

Wametuma upya. Viraka sitini na vinne, vimepangwa vizuri, kila kimoja na maelezo yake. Aliyetuma ni mhandisi wao, Gretchen Oyler. Anajibu maswali kwa adabu, hata ya yule wa Wellington.

Nimesoma kumi na viwili. Ni vizuri. Nilikuwa naomba viwe vibovu, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 13 Juni

Nimefanya upumbavu.

Asubuhi nilifika kiraka cha kumi na tisa. Kinafanya kwa mistari arobaini kile ambacho sehemu ya Vern inafanya kwa mia tisa, na hakikisii kitu, kwa sababu wao wanajua. Nikamwandikia Gretchen, faraghani: hiki ni bora kuliko cha kwetu, cha Vern ni cha kutupwa, ila usiseme bado, niachie mimi nitafute siku nzuri ya kumwambia.

Faraghani! Nilibonyeza kitufe cha kujibu wote. Watu elfu tatu. Vern akiwemo.

Nimewahi kuwacheka wangapi kwa kosa hilihili? Clete kauliza kama barua haiwezi kurudishwa. Haiwezi. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yameshafika Wellington.

Jumapili, 14 Juni

Vern kimya. Miaka kumi na moja hajawahi kupitisha siku bila kuandika kwenye orodha, hata siku ya harusi ya binti yake.

Nilimpelekea stroberi. Pikapu yake ipo. Opal, mkewe, akatoka barazani, akapokea bakuli kwa mikono miwili, akasema, "Yuko gereji, mwenzangu. Si leo." Akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumanne, 16 Juni

Mkutano wa mwezi wa watu wetu wa Portland, chumba cha nyuma cha baa. Gretchen Oyler kaja mwenyewe, kaendesha gari mwendo wa saa tatu kutoka kaskazini! Mama wa makamo, koti la mvua, boksi mbili za donati. Watu wamekunja mikono. Robo saa nzima donati hazikuguswa, na kundi hili nalijua, halijawahi kuacha donati hai hata dakika moja.

Akazungumza bila mbwembwe. Alisema imemchukua miaka miwili kuwabembeleza wanasheria wao. Alisema nusu ya wenzake wanamwona msaliti. Hapo mmoja wetu akacheka, akanyoosha mkono kwenye boksi, na mambo yakalainika. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe — kufikia bia ya pili walikuwa wanamgawia kazi.

Kiti cha Vern kitupu. Gretchen akanivuta pembeni akauliza Vern ni yupi, alitaka sana kumwona. Nikamwambia hakuja, na sababu anaijua. Aliona haya kwa niaba yangu. Kisha akauliza: "Marlys, umeshafika kiraka cha arobaini na moja?"

Sijafika.

Jumatano, 17 Juni

Nimefika.

Katikati ya kiraka cha 41, mhandisi fulani wa Brandvold ameacha maelezo, miaka saba sasa: "Hapa subiri sekunde mbili. Hatujui kwa nini Otter inasubiri, lakini inasubiri, na wateja wetu wengi wanaitumia. Usiondoe."

Mimi najua kwa nini. Ule waya wa gereji ulikuwa mbovu! Ulikuwa unachelewa, Vern akaweka sekunde mbili za kuusubiri, akanunua waya mwingine, sekunde akazisahau. Nami sikuuliza. Na Brandvold — ghorofa zote zile, maelfu ya wahandisi — wamekuwa wakisubiri sekunde mbili kila hodi, dunia nzima, kwa ajili ya waya wa Vern Tollefson.

Nilicheka mpaka Clete akaja kuniangalia. Kisha nikalia kidogo. Wale waliotuita wezi walikuwa wanatusoma. Walikuwa wanamfuata Vern hata alipokosea.

Nikamwandikia. Nimehakiki anwani mara nne. "Mzee, nilikuvunjia heshima mbele za watu na sina la kujitetea. Nakuomba kitu kimoja. Soma cha 41."

Alhamisi, 18 Juni

Hakuna.

Ijumaa, 19 Juni

Hakuna. Viraka sitini na vitatu viko tayari. Kinachosubiri jina la Vern ni cha 19 peke yake. Yule wa Wellington — hata yeye kalainika — anasema mruke, Marlys. Nimemwambia bado siku mbili.

Jumapili, 21 Juni

Saa nane mchana. Barua ya Vern, kwa orodha nzima! Nanukuu yote: "Kiraka 41. Sekunde mbili ni kosa langu la mwaka 1998. Waya mbovu. Ziondolewe, pande zote mbili. Tollefson." Basi. Kuhusu cha 19 hakuna. Kuhusu kubaki au kuondoka hakuna.

Watu wanamshangilia. Yeye hajibu.

Saa kumi na nusu. Yuko hapa. Kaingia na cha 19 kimechapishwa, kalamu nyekundu sikioni, kanipita kama nguzo, kakaa mezani jikoni. Nikaanza kuomba radhi. Akasema: "Mkuu, mia tisa zile ni nyingi, nakubali. Lakini ungeniambia mimi." Nikasema ni kweli. Akasema, "Haya. Nani kaandika mstari wa thelathini?" Nikasema Gretchen. "Mpigie simu."

Saa kumi na moja na robo. Bado wako kwenye simu, nasikia pande zote mbili. Cha 19 amekijaza wekundu na Gretchen anakubali karibu yote. Kilichowakwamisha ni zile sekunde mbili. Vern anataka zifutwe leo, ni aibu yake. Gretchen anamsihi ziachwe, kuna mamilioni ya mashine zimeshazoea, zitaanguka. Brandvold inamwomba Vern asifute msimbo wa Vern! Clete kaacha stroberi zake, anasikiliza mdomo wazi.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Jina lake bado hajaliweka. Sithubutu kumwuliza. Naandika hapa ili mikono yangu ipate kazi. Amesimama, kalamu anaitikisa mbele ya simu kana kwamba yule mama anaiona.

"Sikiliza, Gretchen," anasema. "Sijui huko kwenu mnafanyaje. Sisi hapa Otter kosa tukilijua, hatuliachi."

Sisi, amesema. Na ndiye aliyesema anatoka.