Jagi la Maji Linamngoja Okisai

Mama,

Mtu asikudanganye kwamba tumeshakufanyia makumbusho. Bado. Nataka mambo haya uyasikie kwangu kwanza, maana Adungosi nzima inayasema na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Mwaka umeisha. Shamba tulilokanyaga siku ya kukuzika limelimwa na kuvunwa mara mbili. Mlango wa nyumba yako nimeupaka rangi. Kuku wako nimewahamishia kwangu Malaba, na yule jogoo mkorofi bado anapiga watu, juzi amemfukuza mkaguzi wa kaunti hadi barabarani. Stoo yangu ya nafaka imepanuka, malori sasa yanaingia kinyumenyume mpaka mlangoni. Wale waliokuwa wananiita "dada wa mayai" leo wananiita boss. Lakini ni wewe ulinianzisha na lile karai la mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya mpaka. Uliniambia, "Amoit, dereva aliyelala muache. Mfuate anayepiga miayo." Hilo neno moja limenilisha mpaka leo.

Sasa nikueleze habari ya Okisai wako.

Mwezi uliopita alituandikia kwenye kikundi cha familia kwamba makumbusho yako yatafanyika hoteli. Si nyumbani. Ile hoteli ya ghorofa hapa Malaba, yenye baraza huko juu kabisa, ambayo tulikuwa tunapita chini yake na karai zetu huku harufu ya nyama ikitushukia. Unakumbuka siku ile Okisai alikuwa nasi, amekuja likizo? Ulisimama, ukaangalia juu, ukasema, "Hawa watu wa huko juu wanakula nini hasa?" Okisai alisikia hapo mama yake akitamani. Mimi nilikuwa karibu yako zaidi, nikasikia ulivyomalizia: "Mbona wakishuka bado wananunua mayai yetu?" Ukacheka mpaka karai likayumba.

Nilimpigia simu. Nilimwambia makumbusho hufanywa nyumbani. Akanijibu kwa upole, na sitamnyima haki yake, aliongea kama mtoto anayempenda mamake: "Amoit, Mama alipika kwa moshi maisha yake yote. Siku yake na sisi tukae, tupikiwe, tuhudumiwe kama watu."

"Na kina mama wa mafiga?" nikamuuliza.

"Watatumiwa kitu."

Watatumiwa kitu! Kama fundi aliyeziba tairi.

Mama, huyu kijana uliishi naye nyumba moja. Alikuona ukibeba zile sufuria kubwa kila palipotokea kilio, wewe na wenzako wa mafiga, usiku na mvua hamjali. Alikuona ukiilinda sheria yenu kwa ukali: akifa mmoja wenu, waliobaki wanapika siku zote za kilio na hakuna anayeonja, hata chumvi mnakadiria kwa macho. Mwaka ukifika, watoto wa marehemu wanawapikia wale kina mama, wanawapakulia kwa mikono yao wenyewe, na mzaliwa wa kwanza anazunguka na jagi na beseni akiwanawisha mmoja mmoja. Hapo ndipo kilio kinafungwa. Nilimwona Mama Amoding kwenye kilio chako akikoroga ugali wa watu mia tatu, midomo imemkauka, halafu anatembea hadi kwake kula viazi vya jana na kurudi. Okisai pia alimwona. Alikuwa amesimama pale pale, akipokea wageni.

Siku ilipofika, nikaenda hotelini. Ungeniuliza kwa nini nilienda. Nilienda kwa sababu ni kaka yangu mkubwa na jina lililokuwa likitajwa ni lako.

Meza ilikuwa kwenye ukingo wa baraza. Okisai, mkewe, watoto wao, wakubwa wawili wa ofisini kwake na mimi. Pazuri, siwezi kusema uongo. Ule mwamba wa Tororo unauona wote, umekaa ng'ambo ya mpaka kama mtu aliyegoma kuondoka, na malori yote ya mpakani yakionekana madogo, hata kelele zake hazifiki. Wakaleta karatasi ya vyakula. Nikaangalia bei ya kipande kimoja cha nyama. Mama, kwa vipande viwili ningemnunua mbuzi mzima soko la Adungosi na akatembea mwenyewe hadi nyumbani. Nikaiweka karatasi chini.

Kijana wa kuhudumu akainama, "Madam, nyama yako iive aje? Kidogo, kati, ama kabisa?"

"Kwani kuna anayeiomba mbichi?"

"Wapo, madam."

"Mimi iive. Iive kama ya watu."

Wale wakubwa wakacheka. Okisai hakucheka. Nyama yao ikaja juu ya kibao, ukiikata inatoa maji mekundu, na kila mtu na kisu chake kikubwa kama tunachinja. Okisai akasimama akazungumza. Alikusifu vizuri. Kisha akamshukuru meneja na wapishi "kwa mikono iliyotuandalia siku ya Mama." Hapo ndipo nilipogeuza uso niangalie nje nisije nikasema neno.

Nikaangalia chini, getini. Nikaona vilemba vya buluu vya kina mama wa mafiga.

Hakuna aliyewaita, na hakuna aliyewakataza. Mchungaji alitangaza kanisani kwamba makumbusho yako ni Malaba, hotelini, saa saba. Hao wakaoga, wakavaa sare, wakachanga wakakodi pikapu. Wangejuaje? Tangu lini watu wakahesabiwa viti kwenye makumbusho? Walikuwa wamesimama juani nje ya geti, wamejipanga vizuri kama wanangoja kuingia kanisani, na Mama Amoding mbele amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso.

Okisai aliwaona. Usiniulize kama aliwaona. Nilimwona akiona.

"Keti, Amoit," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimalize na wageni kwanza."

Wageni! Mama, nilikuwa na kisu mkononi nikakiweka chini taratibu, maana hasira yangu unaijua, niliirithi kwako. Nikamwambia, "Wageni wako wako getini." Nikashuka ngazi zote zile, na nyama yangu nikaiacha ikitoa moshi.

Mlinzi alifurahi kuniona. "Boss, nisaidie. Hawa kina mama nawauliza kama wako na buking, wananionyesha mwiko!"

Ulikuwa mwiko wako, Mama. Ule mrefu wa msufi ulioungua mpini. Wameutunza mwaka mzima, siku ya kufunga kilio waurudishe kwa nyumba yako. Mama Amoding aliniangalia kichwa mpaka miguu, hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo liliniumiza.

"Amoit, huko juu mmeshaanza?"

"Hapana, Mama. Haijaanza."

Nikawapeleka stoo kwangu. Mmoja nikamtuma unga, mwingine kuni, halafu nikakumbuka kwamba leo wao ndio wa kupikiwa, nikamwambia kila mtu akae chini, asiguse kitu. Nikaenda buchari mwenyewe, nikanunua nyama ya mbuzi na mguu wa ng'ombe. Nikaweka mafiga katikati ya uwanja, pale malori hushushia, na gauni langu la hoteli nikalifunga kiunoni. Wapakiaji wangu walisimama wakinitazama kama nimerukwa na akili. Kina mama hawakunisaidia, ila midomo yao haikukaa kimya: "Punguza moto." "Huyo anapika ama anazima?" "Mamake angemnyang'anya huo mwiko." Mama, ilikuwa ni kama umekaa hapo nao.

Nyama iliiva. Nikapakua kwa mikono yangu, sahani baada ya sahani. Nikachukua jagi na beseni nianze kuwanawisha.

Mama Amoding akaficha mikono chini ya leso. Wote wakaficha.

"Wewe ni mtoto mzuri," akaniambia, "lakini wewe si wa kwanza."

Nikampigia Okisai simu. Nilimweleza. Nilimsikia akiomba msamaha kwa watu wa mezani, akasogea kando. "Amoit, nitakujaje hapo na hawa wakubwa wangu? Wanawishe wewe. Mama hangejali." Hangejali! Wewe uliyemrudisha mtoto wa jirani kutoka Kisumu ili aje ashike beseni!

Nilirudi na simu mkononi. Mama Amoding hakungoja niseme. "Tuletee vijiko," akasema. "Tutakula, kwa sababu umepika na tuna njaa. Lakini mikono yetu inamngoja kaka yako."

Hivyo ndivyo walivyokula, Mama. Ugali kwa kijiko! Wanawake ambao sijawahi kuwaona na kijiko isipokuwa cha dawa. Nyama zinateleza, zinaruka kwenye sahani, jogoo wako amesimama karibu akingoja bahati yake. Mmoja akasema, "Na sisi leo tumekuwa watu wa hoteli," wakacheka mpaka wakafuta machozi, na sikujua machozi hayo ni ya nini. Walipoondoka, Mama Amoding alifunga mwiko wako tena kwa leso akarudi nao. Sikuthubutu kuuomba.

Jioni Okisai alipiga simu. "Wamekula?"

"Wamekula."

"Basi imeisha."

"Haijaisha. Walikula kwa vijiko."

Anajua maana yake. Hotelini wangemhudumia miaka kumi na bado angejua maana yake. Kisha akasema mtandao unasumbua, na kesho yake akarudi Nairobi. Hajanipigia tena, nami sijampigia. Nikipita chini ya lile baraza sasa, siangalii juu.

Basi nakuahidi hivi. Jagi na beseni nimevipeleka Adungosi, nimeviweka ndani ya mlango wako, pale pale mtu anapoingia lazima avigonge kwa mguu. Desemba Okisai anakuja nyumbani, huja kila Desemba. Kabla hajavua koti, kabla hajauliza chai, nitamshikisha. Mama Amoding na wenzake watakuwa wameshaketi. Nitapika mimi, wanitukane wanavyotaka. Na akiwanawisha, wa kwanza mpaka wa mwisho, na mwiko wako ukirudi mahali pake juu ya dari, hapo nitakuja kaburini nikuage vizuri kama mtoto anavyomuaga mamake.

Leo sikuagi.

Mtoto wako,
Amoit